Kushoto, Buxton

Jumatano ilinizimikia mara ya tatu,
pale pale Buxton, kreti mbili za boflo nyuma,
kimya, kama mtu aliyekatizwa neno.
Si cheche, si mlio, si harufu ya kuungua
walau nipate cha kulaumu.
Nikashuka, nikasukuma.
Mwenye mkokoteni akanipita, akaniangalia kwa huruma ya fundi mwenzake:
"Kumbe hata ya stima husukumwa?"

Baiskeli ni ya baba, chuma cha kale, nzito kama deni la harusi.
Changu ni mota ya gurudumu la nyuma,
kontrola ndani ya mkebe wa maziwa ya unga,
na betri ya seli sitini, nilizozichambua moja moja
kutoka kompyuta zilizokufa dukani kwa Zubeir, Mwembe Tayari.
"Chukua, Shekuwe," aliniambia. "Hizi zitakuzika wewe."

Usiku nikaining'iniza kwa kamba kwenye boriti,
gurudumu la nyuma hewani.
Mita ikasema arubaini na moja. Betri imeshiba.
Nikakoleza moto: gurudumu likavuma, likapeperusha pazia,
nami nikaona haya
kama aliyembeba mgonjwa hadi hospitali
na mgonjwa, kufika, akaulizia pilau.

Nikajiambia, hapa haina mzigo.
Betri isiyobeba kitu husema itakalo.
Nikakata hukumu: seli za Zubeir.

Nikamwendea asubuhi, duka limejaa.
Nilisema niliyoyasema. Nilitaja na mizani ya Akhera.
Yeye alikuwa akipangusa meza ya kioo,
pahala pale pale, akapangusa tena.
"Ilete niipime."
"Nimeshapima!"

Basi nikafungua, nikafunga.
Nikabadili fyuzi. Nikalehemu upya viungo vya betri.
Nikasugua ukijani kwenye plagi kwa mswaki na ndimu,
maana chumvi ya mji huu haibishi hodi,
huingia hata chini ya tepu.
Siku mbili ikaenda kama maji.
Jumamosi, Buxton.

Sauda ana miaka tisa, na Jumamosi ile
alikuwa nyuma, kapakata kreti, akichelewa chuoni.
Alitembea pembeni yangu bila kulalamika,
na hilo peke yake lingenishtua.
"Baba, mbona kurudi huwa haizimi?"
"Kurudi sina mzigo."
"Kurudi hupindi kushoto."

Nyumbani, boritini, nikakoleza. Gurudumu likavuma.
Akaushika usukani kwa mikono miwili, akaupinda kulia.
Likavuma.
Akaupinda kushoto.
Pazia likatulia.
Kulia, likapepea. Kushoto, likatulia.
Akarudia mara sita, saba, akicheka,
mimi sicheki.

Ulikuwa waya mmoja, shingoni mwa baiskeli.
Niliubana mwenyewe, ukanyooka kama mstari wa rula,
na majirani niliwaonyesha unadhifu ule.
Kila kona ya kushoto iliudai sentimita mbili
ambazo sikuupa.
Ganda zima kabisa. Ndani shaba imekatika,
ncha mbili zikigusana zikipenda.

Nimeuunga. Nimeuachia kitanzi kilegevu,
kibaya kutazama, kinaning'inia kama ulimi wa mbuzi.

Leo nimepinda Buxton bila kupumua,
nikashika njia moja hadi Mwembe Tayari,
nikasimama mbele ya mlango uliofungwa
na maboflo manne mfukoni,
nikipanga maneno, nikiyapangua.
Mita yangu ina alama za volti na ampea tu.

Zubeir alipofika aliitazama baiskeli kwanza.
"Betri?"
"Nzima," nikasema. "Ulikuwa waya. Wangu."
Akapandisha mlango, kelele tupu, sikujua kama kasikia.
Akatoa boflo moja mfukoni mwangu, akaliminya.
"Limepoa," akasema,
akanisogezea kiti.