Breki ya Nyuma

Pikapu ya Mjomba Nandonde haikuwa na honi,
ilikuwa na kikohozi.
Tuliisikia tangu iko msikitini, pale Kitama,
ikaja na tela mgongoni: magunia ishirini ya makopa
yanayosubiriwa Mtama kabla mnunuzi hajafunga mizani.

Vyombo vya mama vilishatoka nje usiku,
kitanda, kabati lisilo na kioo, cherehani,
sufuria ndani ya sufuria.
Baba alikaa kizingitini anapiga mswaki.
Alipiga mswaki mpaka tukamaliza kupakia.

Tela la pili lilikuwa la kuazima,
fundi Likungwa aliliunga kwa ekseli ya Pijo iliyokufa.
"Safari mbili," mjomba alisema, "mafuta yake nani atanunua?"
Akalifunga nyuma ya lile la kwanza
kwa pini ya nondo na utepe wa tyubu,
akanipa jiwe, ukubwa wa kichwa cha mbuzi.
"Tukisimama, ruka, uliweke chini ya tairi.
Wewe ndiye breki ya nyuma."
Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Tandahimba mjini trafiki alituzunguka mara mbili.
"Hii ni gari moja au tatu?"
"Ni dada yangu anarudi nyumbani, afande."
Akatazama godoro, akanitazama mimi juu ya godoro,
akasahau hata kuomba soda.

Tambarare, mambo ni mepesi.
Mkwiti ndipo barabara inapokuuliza umefunga nini.
Pale la mbele likiyumba shibiri,
letu liliyumba pima;
kosa dogo la usukani
lilinifikia mimi likiwa limeshaota ndevu.
Nililikumbatia jiwe. Kabati lilikuwa linagonga meno.
Mbele, kwenye kioo cha nyuma cha pikapu,
niliona kisogo cha mama. Hakikugeuka.

Kwenye kona, lori la saruji, linapanda.
Dereva akatoa mkono: rudini.

Sasa sikiliza.
Tela moja ukitaka liende kulia, unakata usukani kushoto.
Ni uongo mdogo, mikono huuzoea.
Matela mawili ni uongo juu ya uongo,
na ukifika katikati hukumbuki
ulianza kudanganya upande gani.
Mjomba alijaribu mara tatu, jasho likimdondoka puani.
Mara ya tatu yakajikunja kama kisu cha mfukoni,
pini ikalia, ikapinda.

Mama akashuka. Akaufunga mtandio kiunoni.
"Lifungueni la kwangu."

Tukalisukuma, mimi, mama, mjomba, na utingo wa saruji
aliyekuwa anatukana kwa adabu,
mpaka kwenye shimo walipochimba kifusi.
Nikaweka jiwe.
Lori likapita. Pini haikunyooka tena.
"Nenda na makopa," mama alimwambia kaka yake.
"Makopa yana bei."

Usiku ulitukuta hapo, kitanda kikiwa juu ya tela bado.
Mama alisimamisha vijiti, akatundika chandarua,
akatandika shuka lile la maua ambalo sikuwahi kuliona likitandikwa.
Tela liliinama kidogo, damu ikinijia kichwani.
"Kitanda hiki nilikinunua mwenyewe," alisema,
"kwa ufuta, ule mwaka wa mvua nyingi.
Leo ndiyo najinyoosha."
Kisha, baada ya kimya:
"Jiwe lipo?"
"Lipo."
Akakoroma kabla sijamaliza kuitika.

Asubuhi kikohozi kikapanda mlima,
pikapu tupu, mjomba na pini mpya mkononi,
macho mekundu, mafuta ya safari mbili
yameshalipwa hadi senti.
Hakusema neno. Mama pia hakusema, alikuwa anakunja shuka.

Tela sasa lilikuwa moja, breki za gari zilitosha.
Jiwe nililipakia hivyo hivyo.