Mwiko

Alfajiri ya Alhamisi, kabla sijapelekwa Makadara
kupasuliwa goti,
nilimwita Mejumaa uani nikamkabidhi mwiko.
Mrefu kama mtoto wa darasa la tano,
mpini umelika pale vidole vyangu hukaa.
Nikamwambia, "Arusi ya Kuze ni yako.
Watu mia sita. Nimekukasimu."
Neno hilo nililisikia kikaoni kwa diwani,
likanikaa ulimini kama karafuu.

Alipokea kwa mikono miwili.
Nami funguo za stoo
nikazifunga tena penye pembe ya leso.

Sasa nimelala, mguu umening'inizwa,
na simu chini ya mto haikomi.
Bi Khuleta, zafarani kijiko kimoja au viwili?
Bi Khuleta, mbuzi wamekuja wamekonda, niwarudishe?
Bi Khuleta, muuza makaa ataka chake sasa hivi.
Nikajibu moja moja, na kusema kweli kwa raha,
raha ya mtu anayekuna upele.
Muuguzi akaniuliza: kwani mama, huko kazini
hakuna mwingine?

Hakuna.
Nilimpa moto, chumvi nikabaki nayo.
Nilimpa jasho,
"ndiyo" na "hapana" nikaja kulala nazo hapa.
Ule haukuwa mwiko. Ulikuwa ukuni mrefu tu.

Nikamtuma mjukuu wangu Shee na leso,
fundo lenyewe na kila kilichomo.
Simu ilipolia saa saba niliitazama
ikitetemeka kama panzi juu ya meza ya dawa.
Sikuishika. Mkono uliniuma kuliko goti.
Ikalia. Ikanyamaza.
Haikulia tena mpaka magharibi.

Jumapili wakaja na habari.
Biriani ilizidi ndimu, vitunguu
kavikaanga mpaka vikawa vyeusi,
si mapishi yangu kabisa,
na sinia zilirudi jikoni tupu.
Ila sufuria moja la wali lilishika ukoko,
na mamake bwana arusi yuko mlangoni mwa wodi,
kavaa buibui la kwenda mahakamani,
ataka ajue ni nani.

Mejumaa akafungua kinywa.
Nikamtangulia:
"Ni mimi. Mwiko ni wangu."
Madaraka nilimpa. Lawama
haikasimiki; hiyo hulala na aliyetuma.

Alipoondoka yule mama,
Mejumaa akaitoa leso, akaiweka kitandani.
Nikaisukuma irudi kwake.

Jumamosi kuna hitima Majengo.
Ndimu ngapi,
sikumuuliza.