Kugonga Mara Thelathini

Khatibu, sauti yako imenifikia alfajiri,
simu ikiwa juu ya kopo la unga,
hapo tu ndipo mtandao unaposhika.
Unasema leo huko hatari ni daraja la nne kati ya tano;
upepo wa usiku umeihamisha theluji
ukaitua upande wa pili wa mlima,
nzito juu ya nyepesi,
na chini kabisa tabaka la chembe kama sukari,
hazishikani, zinangoja.
Nilicheka. Mtoto aliyekuwa akilia
akitumwa maji pangoni
leo analipwa mshahara kusoma mlima!

Nikarudia kusikiliza ulipofika kwenye koleo:
mnakata nguzo ya theluji, mnaweka koleo juu yake,
mnagonga kumi kwa kifundo cha mkono,
kumi kwa kiwiko,
kumi kutoka begani,
mnahesabu mpaka iteleze.

Donge masika yana siku ya tisa.
Shimo namba tatu, ukuta wake
urefu wa mnazi mchanga, nao ni mchanga mtupu,
ila juu udongo mwekundu wenye mizizi
na katikati ufinyanzi wa kijivu,
mwembamba kama pindo la kanga,
unatoa jasho.
Maji yanafika hapo, yanasita, yanatambaa kando.
Na vijana wanachimba chini, daima chini,
kwani ukilila tumbo la ukuta
mchanga unashuka wenyewe, hauombi nguvu.

Mimi si mhandisi. Mimi ni daftari na kalamu:
gari la ng'ombe hili, fuso lile, risiti, saini.
Lakini nilikata nguzo yangu pembeni, nikaweka koleo la Pandu,
nikagonga.
Moja, mbili. Vijana wakaacha kazi wanitazame.
"Bi Mwanakheri anabisha hodi!"
Tisa. Kumi. Nikahamia kiwiko.
Kumi na mbili:
kipande kikakatika penye kijivu,
kikateleza taratibu, kama droo ya kabati,
kikanijaa miguuni.

Hakuna aliyecheka tena, isipokuwa Mcha,
naye Mcha hucheka hata matangani.

Nikafunga daftari.
Bila risiti hakuna gari, bila gari hakuna pesa,
bila pesa, wakatoka mmoja mmoja,
wakakaa juu ya majembe yao kwenye mvua, wakinitazama
kama mtu aliyemwaga chungu cha wali.
Pandu hakusema kitu.
Pandu ndiye aliyemchimbua Ussi, nduguye, mwaka juzi,
kwa mikono, kwa sahani, kwa kifuniko cha ndoo;
ndala moja mpaka leo haijaonekana.

Adhuhuri ukuta umesimama.
Alasiri umesimama.
Magharibi bosi kapiga simu, maneno yake siyarudii.
Usiku nimesikia mvua kwenye bati, nikajikuta,
Mungu anisamehe,
nauombea ukuta uanguke,
uanguke sasa, hali shimo tupu,
ili asubuhi niwe na uso.

Haukuanguka.
Mke wa Mcha amepita mlangoni bila salamu,
watoto watatu nyuma yake na sufuria jepesi.

Sasa niambie, Khatibu, na uniambie kwa sauti:
siku mnapofunga njia
na mlima usiporomoke,
huwa mnasema nini?
Au huko kwenu
watu wanaozuiwa wamekwisha kula?