Dirisha la Kushoto

Miaka thelathini na mmoja nimeichora milima
kwa chaki, skuli ya Mchangamdogo,
na mlima wa juu niliowahi kuupanda
ni ule mwinuko wa kwendea kisimani.

Leo nimepiga simu stesheni, Dar es Salaam.
"Treni ya milimani. Dirisha la kushoto,
kulia, nimeambiwa, ni ukuta wa mwamba tu."
Karani akacheka. "Bibi, wanaume chumba chao,
wanawake chao. Mkitaka kuwa pamoja
kateni chumba kizima: vitanda vinne."

Faki, mkekani, anachambua karafuu.
Jana kasema haendi:
boti tangu Mkoani, halafu chuma usiku kucha,
kwenda kutazama mawe?

Nikapiga hesabu kwa pishi, si kwa shilingi.
Mbili na nusu kitanda. Kumi zote.
Kumi! Na paa la jikoni linavuja.

"Ikichelewa je, tukaipita milima gizani?"
"Ikichelewa, bibi, mtaihesabu kwa masikio.
Kila handaki, gari hubadilisha sauti."

Basi andika.
Mize binti Hamad, wa kwanza.
"Na wa pili?"
Jina la pili nikalishikilia ulimini
kama punje ya karafuu,
mpaka mdomo ukaniingia ganzi.

Makonyo yakadondoka kapuni.
Karani akakohoa kule ng'ambo.
Kisha Faki, bila ya kugeuza shingo:

"Huko, hiyo alfajiri,
huvaliwa sweta?"