Ufunguo wa Pili

Afisa ustawi amekuja na faili la kijani
lililofungwa kwa uzi wa katani.
Ndani yake mna miaka tisa ya mtoto
na halifikii uzito wa nusu kilo ya uwele.
"Ndahani ametimiza kumi na nane," anasema.
"Weka sahihi hapa, Mama, tumalize."

Tumalize nini?

Alikuja hapa Nkuhungu na ndala za rangi mbili,
mguu huu bluu, huu wa njano.
Mwezi mzima alikikwepa kitanda,
akalala mlangoni, uso nje,
kama abiria aliyeambiwa basi litapita alfajiri.
Majirani wakanipima kwa methali:
mama wa kambo si mama.
Serikali nayo ikaniandika vivyo hivyo, mlezi wa kambo.
Nikatwanga karanga, nikapika mlenda.

Msimu wa kupogoa nilimpeleka Mpunguzi,
akaona maji yakichuruzika kwenye jeraha la mzabibu.
"Unalia?"
Sikuwa na jibu. Nilimwambia ashike mkasi vizuri.

Sasa ana ndevu nne na cheti cha uashi.
Mwenye nyumba wa Chang'ombe anataka kodi ya miezi sita, taslimu,
na fomu ya kitambulisho inataka jina la baba,
kijiji cha baba, kata ya baba.
Wiki tatu tumezimaliza kwenye mabenchi ya ofisi
hadi tukaapa mbele ya wakili kwamba hatujui.
Kutojua nako kuna muhuri. Elfu kumi.

Basi jioni namfundisha yasiyomo kwenye faili:
kusoma mkataba mpaka ule mstari mdogo wa chini,
kuikataa kazi ya "wewe njoo tu, tutaelewana",
kuwasha jiko la mkaa upepo wa Julai ukipuliza vumbi,
na kuumwa bila kujificha.
Homa ikikushika, piga. Hata saa nane usiku.
Huna salio? Bipu.

Jana amenunua godoro la inchi nne.
Akaliegemeza ukutani, akakaa akilitazama
kama mtu anayetazama ng'ombe wa mkopo.
"Mama, nikishindwa?"
Nikamuuliza: Mwaluko, mtoto wa jirani, ana miaka mingapi?
"Ishirini na saba."
Ameshindwa mara ngapi?
"Mh! Nyingi."
Na jana usiku amekula wapi?
Akacheka mpaka akashika ubavu,
halafu akanyamaza muda mrefu.

Afisa anangoja. Kalamu yake inavuja.
Si mtu mbaya; ana mafaili arobaini
na pikipiki isiyo na mafuta.
Natia sahihi kwamba serikali imemaliza.
Kisha pembeni, kwenye ukingo mweupe, naandika:
Ufunguo wa pili anao yeye.
Sahani yake ya Jumapili itakuwa imefunikwa.

Anasoma, anakuna kisogo.
"Mama, hapa huwa hapaandikwi kitu."

Ndiyo maana, namwambia,
nimepata nafasi.