Kupoza Uji

Jumatatu, pale Kitete, walinifunga mkono kitambaa
kikanibana kama mdai.
Mia na sitini na tano kwa mia na tano.
Muuguzi, Kalunde jina lake, akaandika, akafuta, akapima tena.
"Mama Mihambo, umebeba nini?"
Mkopo, nikasema. Wa kausha damu.
Akaitazama mashine yake.
"Hii haijakauka, mama. Inachemka."

Alinipa vidonge, kisha akanipa na kazi:
vuta kwa pua, hesabu nne,
tumbo lijae, mabega uyaache;
shusha kwa mdomo, hesabu sita,
polepole, kama unapoza uji wa mtoto.

Nikacheka. Watoto wanne nimewapozea uji
kijiko kwa kijiko, nyumba hii hii ya Ng'ambo,
nami miaka yote nimejinywea wangu wa moto.

Sasa niko mbele ya cherehani.
Kaptula za kaki, thelathini na mbili,
na shule zinafunguliwa wiki ijayo.
Kanyagio linajua hesabu kuliko mimi:
nne, sindano inauma kitambaa,
sita, kinatokea upande wa pili kimetulia.

Siku ya kwanza hesabu ilinipotea kwenye tatu.
Ya pili kichwa kilizunguka; nilivuta kwa pupa,
kama hewa nayo ina riba.
Ya tatu nikalala.
Shavu juu ya kaki, tepu shingoni, nikalala,
na treni ya Kigoma ikapiga honi ikaondoka bila mimi kujua,
mimi niliyeihesabu miezi mitano, behewa kwa behewa.

Pumzi, pumua, pumzika:
ndugu watatu wa tumbo moja,
nami nilikuwa namjua mmoja tu,
yule wa kati, tena akiwa mbioni.

Alasiri mikono inakuwa mawe.
Mkaa ndani ya pasi umejifunika majivu.
Nikafungua kifuniko, nikapuliza, nne, sita,
majivu yakaruka, jicho jekundu likafunguka.
Pumzi ileile ya kupozea uji!
Nikabaki nimeinama pale
mpaka nami nikashika moto kidogo,
wa kutosha kaptula nne.

Ijumaa pikipiki ikasimama mlangoni.
Masesa na daftari lake.
Zamani moyo ungetangulia kumfungulia.
Nikamwacha aseme yote. Nne.
Akayasema tena. Sita.
"Leo elfu kumi na mbili," nikamwambia,
"na uniandikie risiti hapa hapa, nikiona."
Sauti ilikuwa yangu,
ila leo ilikuwa imeketi.
Akaandika. Akatafuta cha kuongeza, akakosa.

Deni liko palepale. Silo majivu, halikupeperuka.
Jumatatu kile kitambaa kitanibana tena
na sijui kitasema nini.

Usiku huu Kabula, kitinda mimba wangu,
amekaa ukingoni mwa kitanda ananitazama mdomo.
"Mama, unapoza nini? Mbona huna kikombe?"
Sogea, nikamwambia, tuhesabu wote.
Tulipofika nne hakutaka kusimama;
alitaka twende mpaka kumi,
maana kumi ndiko walikomfikisha shuleni.