Robo Mzunguko

Mimi niliacha kazi kwa siku moja.
Ijumaa nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto,
Jumamosi nilikuwa mtu mwenye keki na saa ya ukutani.
Miezi minne nikawa naamka alfajiri
kumpima joto mgonjwa asiyekuwepo.
Vazha aliniona, akanyamaza.
Ila ya kwake aliipanga vingine.

“Waya uliokazwa miaka arobaini,” aliniambia,
amekalia ndoo ya rangi uani, chini ya mzabibu,
“huulegezi kwa mkupuo.
Utakatika, ama fremu itapasuka
usiku, watu wamelala.
Unageuza robo mzunguko. Unangoja.
Kisha robo nyingine.”

Basi vuli ile akaanza na vijiji.
Hakwenda tena Tskaltubo kwenye mahoteli yaliyochoka,
piano zenye panya ndani na mishumaa juu.
Mwaka mpya ulipopita akafuta
kila piano iliyo juu ya ghorofa ya tatu;
goti la kushoto ndilo lililotia sahihi.
Bandu bandu huisha gogo:
wahenga walikuwa wakiwaonya wabadhirifu,
yeye akaligeuza onyo likawa ratiba.

Usidhani ilikwenda sawa.
Bibi Dareja wa ghorofa ya tano alipiga simu akilia,
mjukuu ana mtihani, piano inakohoa.
Akapanda.
Akarudi na chupa ya mchuzi wa plamu
na goti lililoumuka kama unga wa mkate.
Wiki hiyo nilihesabu lari mezani,
nikazihesabu tena, zikawa zilezile chache.
Tuliacha kununua jibini ya mlimani.
Yeye akaacha sigara, akasema ni kwa ajili ya mapafu.

Shule ya muziki, piano kumi na sita,
akamwachia Nestan, msichana wa nywele za kijani
anayetafuna mbegu za alizeti akifanya kazi.
Siku ya kwanza Vazha alisimama kwenye korido,
kofia mkononi, kama baba nje ya chumba cha kujifungulia.
Hakuingia.
Chakula cha jioni kikapoa mbele yake.
“Zile za juu kabisa ameziacha chini.
Unywele tu. Lakini chini.”

Asubuhi, akifunga kamba za viatu,
hakuniangalia:
“Haziko chini, Tsiala. Ni sikio langu.”

Nilijua.
Masika yote mbayuwayu walipiga kelele darini
naye akaniuliza mwaka huu wamekwenda wapi.
Birika lilipiga mluzi hadi likakauka,
yeye yuko hatua mbili, anasoma gazeti.
Nesi hujua mambo mengi asiyoulizwa.

Sasa imebaki Alhamisi,
na piano moja, ile ya ukumbi wa tamthilia.
Anainyoosha shati tangu Jumatano.
Anavuka Daraja Jeupe polepole, ufunguo mfukoni,
anasimama katikati kuutazama Rioni
kama mtu anayelipwa kwa kutazama.

Na mganga hajigangi, mwasema.
Piano yetu, yenye vyungu vya maua juu yake,
haikuguswa miaka kumi na moja.
Jumanne moja niliporudi sokoni
nikakuta vyungu viko sakafuni na tumbo la piano wazi,
yeye ameinama humo na tochi mdomoni.
“Njoo,” akasema. “Kaa hapa. Piga ile ya mwisho kulia.”
Nikapiga.
“Iko wapi?”
Sijui muziki. Lakini nimesikiliza vifua vya watoto
miaka thelathini na mitatu,
najua pumzi iliyopungua.
“Chini,” nikasema.
Akageuza robo.
“Sasa?”
“Bado.”

Piano ina noti themanini na nane.
Tunafanya nne, labda tano, kisha tunakunywa chai.
Mtu akinitafuta Jumanne, aambiwe
niko kazini hadi adhuhuri.